Woka, mkeka, kigari cha fundi au mbeleko: kipi kimsaidie mtoto anayejifunza kutembea?

Wifi yangu alinipigia simu wiki iliyopita akiwa Kariakoo, katikati ya kelele za Mtaa wa Congo. "Wifi, zipo woka za bluu na za waridi, zinapiga na muziki. Nimchukulie mwanao ipi?" Mtoto wake ana miezi saba. Nilimwomba asinunue yoyote, arudi nyumbani kwanza tuzungumze. Akanyamaza. Nilijua nimemkata stimu, maana pale Tabata anapokaa karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo ina woka, na asiye nayo huonekana hamjali mwanawe.

Jibu langu la simu lilikuwa fupi mno kwa jambo kubwa kama hili. Hapa nalitoa lote, kwake na kwa mzazi mwingine yeyote aliyesimama mbele ya duka akihesabu hela.

Ninalinganisha vitu vinne ambavyo mzazi wa Dar anaweza kuvipata bila kuhangaika: woka, yaani kile kigari cha duara chenye kiti cha kitambaa katikati na magurudumu chini, mkeka uliotandikwa sakafuni, kigari cha mbao cha kusukuma, na mbeleko. Beseni la bibi nitaligusa pia, kwa sababu lina lake la kusema. Katika kila kimoja nauliza swali lile lile: mtoto akiwa humo, uzito wake umebebwa na nani?

Foleni ya mwili

Mwili wa mtoto hukaza kutoka kichwani kushuka chini. Shingo kwanza, kisha mabega na kifua, kisha kiuno na nyonga, na miguu huja mwisho. Mtoto wa miezi minne anayelala kifudifudi na kunyanyua kifua kwa mikono yake tayari ameshaanza kujifunza kutembea, ingawa hata kukaa hajui. Kila hatua inaijengea inayofuata.

Sasa, kila hatua inakuja lini? Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha matokeo. Watoto walikaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Walitambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5.2 na 13.5. Walisimama peke yao kati ya 6.9 na 16.9, na wakatembea peke yao kati ya 8.2 na 17.6. Uangalie vizuri upana wa namba hizo. Mtoto wa jirani aliyetembea na miezi tisa, na wa kwako aliyetembea na miezi kumi na sita, wote wamo ndani ya mstari. Asilimia 4.3 ya watoto wale hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na nao ni watoto wazima.

Kama mwanao alizaliwa njiti, umhesabie umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si ile aliyozaliwa, mpaka afikishe miaka miwili. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki alikuwa analia kwa sababu mwanae wa miezi tisa hajakaa vizuri. Kumbe alizaliwa kabla ya wakati kwa miezi miwili na nusu, na hesabu hiyo hakuna aliyempigia.

Nimeanza na hizi namba kwa sababu woka inanunuliwa kwa hofu ya kuchelewa. Mzazi akijua dirisha ni pana namna hii, nusu ya hofu inaondoka.

Woka

Uzuri wake upo na nitausema. Mtoto akiwa ndani ya woka anachangamka. Anaona dunia akiwa wima, anafika anapopataka, na mama anapata dakika ishirini za kukata mchicha na kuinjika sufuria. Mama anayelea peke yake, asiye na dada wa kumsaidia, anajua dakika hizo zina thamani gani. Simlaumu hata kidogo anayezitafuta.

Sasa lile swali. Ndani ya woka uzito umebebwa na kiti. Nyonga hazifanyi kazi, mapaja hayafanyi kazi, kiuno kimeegemea kitambaa. Mtoto akitaka kwenda anasukuma sakafu kwa ncha za vidole, kifua kikiwa kimelalia ile meza ndogo ya mbele, na meza hiyo hiyo inamziba asiione miguu yake. Kutembea ni kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule bila kudondoka. Woka imeondoa uzito, imeondoa na kudondoka, ikabakiza kwenda tu. Ndiyo maana mtoto anayekimbia ndani yake kutoka sebuleni hadi jikoni, ukimtoa na kumsimamisha sakafuni, magoti yanakunjika kama kitambaa.

Mwaka 1999 watafiti Siegel na Burton wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 109. Waliotumia woka walichelewa kukaa, kutambaa na kutembea kuliko wenzao ambao hawakuitumia. Sitaki kumtisha mtu: hawalemai, na mwisho wa yote hutembea. Ila mama alilipia haraka, akapewa kuchelewa.

Hilo la kuchelewa peke yake ningelivumilia. La hatari siwezi. Mtoto ndani ya woka anaweza kwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde moja. Hebu simama sebuleni kwako upime: kutoka kochi hadi mlango wa uani ni sekunde ngapi? Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walipelekwa vyumba vya dharura kwa ajili ya woka. Tisa katika kila kumi waliumia kichwa au shingo, na karibu robo tatu walianguka kwenye ngazi. Kanada ilizipiga marufuku tarehe 7 Aprili 2004: hairuhusiwi kuziuza, kuziingiza nchini wala kuzitangaza, mpya na zilizotumika. Hizo zilizotumika nazitaja makusudi, maana sisi tunapenda mtumba na tunaamini cha Ulaya au Marekani ni salama kwa vile tu kimetoka huko.

Mtu ataniambia nyumba zetu nyingi za Dar hazina ghorofa. Ni kweli. Lakini zina kizingiti, zina baraza, zina ile ngazi moja ya kushukia uani. Mwanangu wa kwanza alipewa woka na wafanyakazi wenzangu siku ya arobaini yake, zawadi ya upendo kabisa. Alikuwa na miezi minane siku ilipotokea. Ngazi ya uani kwangu haizidi shubiri moja na nusu. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu, nimeshika bakuli la uji, namwona kwa macho yangu. Gurudumu la mbele likashuka, woka ikapinduka naye, paji la uso likafika kwenye sementi. Hatua tatu sikuziwahi. Alivimba kama limau na akatapika mara mbili, tukakimbia hospitali usiku ule, na Mungu alitusaidia hakikuwa kikubwa. Watu wengi husema "nitakuwa namwangalia." Na mimi nilikuwa namwangalia.

Pale uani penyewe, hatua chache kutoka alipoangukia, lilikuwepo jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage. Woka inamwinua mtoto na kuurefusha mkono wake. Anafikia kitambaa cha meza, waya wa birika la umeme, mpini wa kikaango. Mzazi anakuwa amezoea kuweka vitu kwa urefu wa mtoto anayetambaa, halafu ghafla mtoto ana urefu mwingine na mwendo mwingine.

Kama tayari unayo ndani, hata kama ni zawadi, usimtie mtoto na usiigawe kwa mwingine. Ya kwangu niliing'oa ile meza yenye vitufe vya muziki nikaiweka mkekani, na mtoto wa pili aliicheza mwaka mzima. Fremu na magurudumu vilikwenda kwa wanunua vyuma chakavu.

Mkeka

Hapa uzito wote ni wa mtoto mwenyewe, kuanzia siku ya kwanza.

Mkeka wa ukindu, jamvi, mkeka wa plastiki, vyovyote. Juu yake tandika shuka nzito au kanga mbili. Ile mikeka ya sponji ya kuunganisha vipande kama fumbo ni mizuri kwa sakafu ya vigae, ila mtoto akiota meno anaing'ata na kumega vipande, kwa hiyo uikague kila siku. Mkeka wa kusukwa una faida moja ninayoipenda: hautelezi chini ya goti. Kwenye vigae vitupu mtoto anayeanza kutambaa magoti yanamkimbia huku na huku, anachoka kabla hajafika popote.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye bado hajaanza kwenda mwenyewe alazwe kifudifudi angalau dakika 30 kwa siku, zigawanywe vipande vipande, akiwa macho. Tena asifungwe mahali pamoja, iwe kiti, kigari cha kubebea mtoto au mgongo wa mtu, zaidi ya saa moja mfululizo. Kulala usingizi ni chali. Kifudifudi ni cha kucheza tu, na wewe ukiwa hapo. Wiki za mwanzo atalia baada ya dakika mbili. Mbili zinatosha. Lala naye uso kwa uso hapo chini, umwongeleshe, umgeuze, urudie baadaye.

Nataka nikuonyeshe kitu kimoja nilichokiona kwa mwanangu wa pili, kwa sababu ndicho kilichonifanya nielewe. Alikuwa na miezi minane na siku kadhaa. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kimebiringika kikasimama pembeni ya mkeka, mbali kidogo na mkono wake. Amelala kwa tumbo. Akanyoosha mkono wa kulia, haukufika. Akanyoosha wa kushoto, haukufika. Akakasirika, akapiga mguu, na ule mguu uliopiga sakafu ukamsogeza upana wa vidole viwili. Akatulia. Akautazama mkono wake kama vile umemwambia neno. Akapiga mguu tena. Safari hii aliupiga kwa kukusudia, na goti likaingia chini ya tumbo. Ilimchukua muda wa wimbo mzima wa redioni kukifikia kifuniko, na alipokishika alikiweka mdomoni kama kawaida yao. Katika muda ule mabega yalisukuma, tumbo lilikaza, nyonga zilijikunja na kujikunjua, macho yalipima umbali. Hakuna aliyemshika.

Na kuanguka je? Kuanguka ndiyo shule yenyewe. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walihesabu hatua za watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao: wastani wa hatua 2,368 kwa saa, na kuanguka mara 17 kwa saa. Mtoto anayeanguka kutoka urefu wake mwenyewe, kwa makalio, juu ya mkeka, anafundishwa na mwili wake mahali uzito ulipozidi. Anainuka anarekebisha.

Bibi zetu wana hofu ya sakafu: "Mtoto atashikwa na baridi apate nimonia." Kwa heshima yao yote, nimonia inaletwa na vijidudu, si na vigae. Mtoto aliyenyonya maziwa ya mama, aliyepata chanjo zake zote, na asiyelala kwenye chumba chenye moshi wa mkaa, amekingwa kuliko aliyefungiwa juu ya kitanda. Kwa joto la Dar la Februari, sakafu ndiyo mahali penye nafuu kwake.

Ubaya wa mkeka ni mmoja, nao ni mkubwa: unakutaka wewe. Kila kilichopo chini kinaenda mdomoni. Kabla ya kumshusha, ujishushe wewe kwanza, upige magoti utazame nyumba kwa macho yake. Sarafu, punje za maharage, soketi ya waya wa nyongeza, chupa ya soda yenye mafuta ya taa, betri ndogo za duara za rimoti, hizi za mwisho ni hatari kupita kiasi kwa sababu zikimezwa zinaunguza koo ndani ya saa chache. Na ndoo. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha mtoto aliyeinamia kwa kichwa. Ndoo zote zifunikwe au ziwe nyuma ya mlango.

Kigari cha kusukuma

Msikichanganye na woka. Hiki hakina kiti. Ni kisanduku cha mbao chenye magurudumu manne na mpini, mtoto anasimama nyuma yake kwa miguu yake na kukisukuma. Uzito ni wake, kigari kinampa mahali pa kushika tu. Akichoka anakaa chini, anaondoka anatambaa. Anaweza pia kuanguka, na hilo ni sawa.

Wakati wake ni pale mtoto anaposhika kochi akajiinua mwenyewe, akasimama dede, akaanza kutembea kwa upande akishikilia. Kwa wengi ni kuanzia miezi tisa au kumi hivi, kwa wengine baadaye sana. Kabla ya hapo ni mbao tu.

Cha dukani cha plastiki mara nyingi ni chepesi, kinamtoroka mtoto kikamlaza kifudifudi. Mimi nilikwenda Keko kwa mafundi seremala. Nilimkuta fundi mzee amezungukwa na vitanda vya kuchonga, nikamwambia, "Shikamoo fundi, nataka kigari cha mtoto." Akaitikia, akaniuliza swali ambalo hakuna muuza woka aliyewahi kuniuliza: "Mtoto kifua chake kiko wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono kwenye paja langu. Akachukua penseli sikioni akaweka alama kwenye ubao, mpini ukae hapo, kati ya kitovu na kifua. Akapanua magurudumu ya nyuma kuliko ya mbele ili kisipinduke. Kati ya kila gurudumu na mbao akaweka kipande cha mpira alichokikata kwenye kandambili kuukuu, akakaza nati mpaka gurudumu likawa zito kuzunguka. "Lisikimbie," alisema. "Mtoto ndiye aliburute."

Ukiagiza, sisitiza msasa upite hadi kwenye kona, hakuna msumari unaochungulia, na rangi isipakwe. Mtoto atauramba ule mpini, na rangi nyingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu ya ubongo. Nyumbani weka kilo mbili za mchele au unga ndani ya kisanduku, mpaka atakapozoea. Baadaye atakipakia mwenyewe vikombe na viatu vya baba, na kazi hiyo ya kupakia na kupakua inafundisha vidole kama vile kusukuma kunavyofundisha miguu.

Mwache peku. Vile viatu vinavyolia kila hatua vinapendeza kwenye sherehe, lakini unyayo unahitaji kuhisi sakafu. Viatu ni vya nje, penye chupa na misumari.

Mbeleko, na beseni la bibi

Katika mbeleko uzito ni wa mama, kwa hiyo haifundishi kutembea moja kwa moja. Hata hivyo nisingeiondoa. Mtoto mgongoni anakaza shingo na mgongo kila unapoinama na kuinuka, ananusa, anasikia, anaona anachokiona mama. Waswahili walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Na mapaja yake yakiwa yamepanuka kuzunguka kiuno chako, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio, kifupa cha paja kinakaa barabara ndani ya nyonga. Kinachodhuru nyonga za mtoto mchanga ni kumfunga miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja.

Je, mbeleko inaleta matege? Swali hili naulizwa kila mara. Karibu watoto wote wana miguu iliyopinda kwa nje mpaka karibu na miaka miwili, waliobebwa na wasiobebwa. Inanyooka yenyewe. Matege yanayozidi badala ya kupungua, au ya mguu mmoja, au ya mtoto ambaye vifundo vya mikono vimenenepa, hayo ni ya daktari, kwani yanaweza kuwa upungufu wa vitamini D.

Subiri shingo ikaze kabla ya kumbeba mgongoni, uso wake usizibwe na kitambaa, na bodaboda usipande naye akiwa mgongoni. Ukifika nyumbani umshushe.

Beseni sasa. Bibi anatandika kanga ndani ya beseni, anazungushia mito, anamkalisha mjukuu. Wapo wanaolicheka, lakini mtafiti Charles Super alieleza mwaka 1976 kuhusu Wakipsigisi wa Kenya, ambao mama zao walichimba kishimo ardhini, wakakizungushia blanketi na kumkalisha mtoto humo kila siku, na pia waliwazoesha hatua za kutembea. Watoto wao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Katika kutambaa, jambo ambalo hawakulizoeshwa, hawakuwatangulia. Mwili hujifunza kile unachokifanya. Beseni linamzoesha kiuno kukaa, kwa mtoto wa miezi mitano au sita ambaye kichwa hakiyumbi, dakika kumi au kumi na tano kwa mkupuo. Zaidi ya hapo anakaa tu kwa sababu hana pa kuangukia.

Kwa nyumba yako

Chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimechukua nusu, jiko liko kibarazani: mbeleko wakati wa kupika, mkeka wakati moto umezimwa. Kigari hakina nafasi hapo, na si lazima. Mtoto anaweza kutembea akishika ukingo wa kitanda, na ndoo tupu ya lita kumi iliyogeuzwa kifudifudi ataisukuma vizuri tu.

Nyumba yenye ukumbi mrefu na uani: mkeka ukumbini, kigari baadaye, na kibao cha kuzuia mlangoni kuelekea uani. Fundi yule yule atakutengenezea.

Ghorofani, Upanga au Sinza, kwenye vigae na roshani: mkeka wa sponji, geti dogo kwenye ngazi, na woka isivuke kabisa mlango wako. Ngazi na magurudumu havikai nyumba moja.

Kama dada wa kazi ndiye anayeshinda na mtoto, usimwambie tu "usimtie kwenye woka." Yeye ana nguo za kufua na chakula cha kupika. Mpangie muda ambao kazi yake ni kukaa mkekani na mtoto peke yake, na mengine yasubiri.

Kwa upande wa gharama, hela ya woka mpya inakupa mkeka mzuri na inabaki sehemu ya kumlipa fundi. Mbeleko unayo tayari kabatini.

Pale ambapo kifaa si jibu

Usingoje na usinunue chochote, peleka mtoto kliniki ukiona shingo haijakaza akiwa na miezi minne. Hakai bila msaada akiwa na miezi tisa. Hatembei akiwa na miezi 18. Anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja ngumi kabla ya kufikisha mwaka. Mwili ni mkakamavu sana au umelegea kama kitambaa. Kichwa kinakua haraka kupita mwili. Au alikuwa anajua kitu fulani na sasa hakijui tena. Hili la mwisho halina umri, ni siku hiyo hiyo. Siku ya kupima uzito usimkabidhi tu muuguzi kadi. Mwambie mwanao anafanya nini na hafanyi nini. Akiona haja atakuelekeza hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka huko Muhimbili. Mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zimepinda kuelekea ndani, apelekwe katika wiki za kwanza. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanainyoosha kwa plasta, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyokuwa rahisi. Mwenye mtindio wa ubongo naye anaanzishiwa mazoezi mapema. Mtoto kama huyu kuwekwa ndani ya woka ili "akomae miguu" kunampotezea miezi ambayo mwili wake ulikuwa tayari kufundishwa.

Wifi amenipigia tena jana. Sasa anataka namba ya yule fundi wa Keko. Nimemwambia asubiri mpaka mtoto ajishike kwenye kochi na kusimama dede mwenyewe, kwa sasa apige deki sebule, ainue zile betri za rimoti, atandike mkeka, na kile kifuniko cha sufuria akiweke mbali kidogo na mkono.